Magimbi Nyuma ya Jiko

Februari, Dar es Salaam, hata ukoka unakauka. Ndiyo maana nilishtuka kukuta magimbi yameota yenyewe nyuma ya jiko langu, majani mapana yanang'aa kama yako bondeni Msimbazi. Hakuna aliyeyapanda. Ukikanyaga pale, kandambili inazama na kugoma kutoka. Ukutani, plasta ilikuwa imeanza kututumka mpaka usawa wa goti, na juu yake mstari wa chumvi nyeupe ambao nilikuwa naufuta kwa fagio kila Jumamosi na kuukuta umerudi Jumatano.

Nikaita mafundi. Walikuja watatu ndani ya wiki moja. Fundi ujenzi aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza kama daktari, akasema, "Mama, msingi umeshiba." Dawa yake: kuchimba ukuta wote wa nyuma, mita 9, kupaka lami, kisha kulaza bomba lenye matobo na kulifunika kwa kokoto. Shilingi 2,400,000. Fundi bomba yeye aliona laini imeoza chini ya ardhi, akataka tuifumue yote kutoka kwenye dira mpaka kwenye tangi: 680,000 pamoja na vifaa. Wa tatu ni mchimba mashimo ya majitaka. Huyu hata ukuta hakuutazama. Alinusa, akacheka, akasema shimo limekufa, tuchimbe jipya kwa 1,900,000.

Ukizijumlisha ni 4,980,000, na mimi sikuwa na hata robo yake. Sidhani kama kuna aliyekuja kunitapeli. Baadaye iligundulika kwamba wawili kati yao walikuwa wamekaribia ukweli, ila siku ile hakuna aliyekuwa na ushahidi, na kila mmoja alitaka advansi kabla ya kushika jembe.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kutenganisha hela ya kuangalia na hela ya kazi. Fundi anayekuja bure anakuja kuuza kazi. Asipoondoka na kazi, kapoteza nauli. Nilimrudia fundi bomba nikamwambia: nakupa 20,000 leo, unipime tu, hata kama huna cha kutengeneza. Alishangaa kidogo, lakini alikaa asubuhi nzima, na kwa mara ya kwanza tukaanza kuulizana maswali badala ya kutajiana bei.

Kipimo kilichonifaa kuliko vyote hakikuuzwa dukani. Ni mgao. Mtaani kwetu maji ya bomba yalikuwa yanakuja Jumatatu usiku na kukatika Alhamisi. Siku zilizobaki tunaishi kwa tangi. Tunalalamikia mgao miaka yote, kumbe kwa mtu anayetafuta chanzo cha unyevu ni kama mamlaka ya maji inakufungia na kukufungulia koki kila wiki bila malipo. Nilichukua daftari la mwanangu, nikachora safu nne: maji yametoka, tumefua, mvua imenyesha, udongo ukoje. Ili nisiwe nakisia kwa macho, nilichimba kishimo cha kina cha mkono mpaka kiwiko, nikawa nakichota kwa kopo kila asubuhi na kuhesabu makopo.

Wiki mbili baadaye picha ilikuwa wazi, na haikuwa niliyoitarajia. Makopo yalipanda mara mbili kwa wiki. Mara ya kwanza Jumanne mpaka Alhamisi, siku za maji ya bomba. Mara ya pili Jumamosi jioni na Jumapili, maji ya bomba yakiwa hayapo kabisa, lakini Jumamosi ndiyo siku yetu ya kufua. Safu ya mvua ilikuwa tupu. Kwa hiyo chanzo hakikuwa kimoja, na kama ningemwamini fundi mmoja, yeyote kati yao, ningelipa na bado ningebaki na tope.

Tukaanza na maji ya bomba. Watu wengi wanajua kipimo cha dira: funga koki zote, andika namba, subiri, rudi usome. Kwenye dira nyingi tarakimu nyeusi ni uniti, yaani lita 1,000 kila moja, na nyekundu ni vipande vya uniti. Hizo nyekundu ndizo za kutazama. Ila kuna mitego miwili ambayo imewaponza wengi. Wa kwanza, ukipima siku ya mgao dira haitatembea hata bomba likiwa limepasuka, maana hakuna maji ndani. Wa pili, kama nyumba inatumia tangi, dira haiwezi kukwambia habari za mabomba yanayotoka kwenye tangi kwenda ndani. Hayo unayapima kwa kufunga maji yanayoingia kwenye tangi na kuchora mstari wa maji kwa kalamu jioni, kisha kutazama alfajiri. Kwenye tangi la kipenyo cha mita 1.1, kushuka sentimita moja ni karibu lita 9 na nusu.

Jumanne, tangi likiwa limejaa, tulifunga kila kitu saa 4 usiku. Saa 11 alfajiri dira ilikuwa imetembea lita 63. Ndoo tatu kubwa, na ndani ya nyumba hakuna aliyeoga. Jumatano tukarudia, safari hii tumefunga na valvu ya kuingizia maji iliyo chini ya tangi. Dira haikusogea hata lita moja. Maana yake laini ya chini ya ardhi, ile ya 680,000, ilikuwa nzima. Fundi akapanda ngazi, akafunua mfuniko, akaniita nikatazame: floti imechoka, haifungi, na maji yanapita taratibu kwenye bomba la kumwagia. Bomba hilo, aliyejenga nyumba alilishusha ndani ya ukuta na kulizika nyuma ya jiko ili lisionekane. Floti mpya na ufundi, 28,000. Lile bomba tukalikata na kulitoa nje juu ya mlango wa jikoni. Siku floti ikichoka tena nitadondokewa kichwani, na hiyo ndiyo nia.

Kwenye bili sikuwa nimeona kitu. Usiku wa lita 63, mara tatu kwa wiki, kwa mwezi haufiki hata uniti moja. Bili iliyopanda ghafla ni ushahidi mzuri wa kuvuja, lakini bili iliyotulia haithibitishi chochote. Kwa upande mwingine, kama dira yako ingetembea lita 20 kwa saa mchana na usiku, hizo ni uniti 14 na zaidi kwa mwezi. Zidisha kwa bei iliyo kwenye bili yako uone kama kufumua laini kunalipa. Na kama maji yanatoka upande wa barabarani kabla ya kufika kwenye dira, usimlipe fundi hata senti. Hapo ni mali ya mamlaka ya maji. Piga simu, chukua namba ya taarifa, piga picha.

Wiki iliyofuata Jumanne ikapita kavu, Jumatano kavu. Jumamosi tukafua, makopo yakapanda.

Hapa nilitumia hela kwa pupa kidogo, niseme ukweli. Nilinunua kalamu ya kupima chumvi ya maji kwa 25,000, baada ya shemeji kunisifia. Maji ya bomba yalisoma 140, kisima cha jirani 1,900, na kishimo changu 870. Nikakaa na hizo namba siku mbili bila kujua zinasema nini, maana udongo nao una chumvi zake. Kalamu hiyo ni nzuri kwa maeneo kama Msasani Bonde la Mpunga, ambako jina lenyewe linakueleza palikuwa pa nini: ikiwa maji ya ardhini yako karibu na yana chumvi kama ya kisimani, namba mbili zikifanana unajua unapambana na bonde, si na bomba. Kwangu mimi pua ilishamaliza kazi. Nilipokichota kishimo mpaka chini na kuchuchumaa kungoja, ukuta wa kishimo ulioanza kutoa jasho ulikuwa wa upande wa karo la majitaka, siyo wa nyumba. Maji meusi, povu jembamba la sabuni, harufu ya yai viza.

Rangi ya chakula, chupa ya 2,000, ilinifaa zaidi, mradi ujue mipaka yake. Niliimwaga bafuni na kwenye sinki la jikoni huku mwanangu amesimama kwenye chemba. Ndani ya dakika mbili akapiga kelele: chemba nyekundu kama juisi ya rozela, na kishimoni hakuna kitu hata kesho yake. Hivyo mabomba ya kati ya nyumba na chemba yalikuwa salama. Lakini usitegemee rangi hiyo baada ya karo. Inaingia kwenye maelfu ya lita, inakaa siku nzima au zaidi, na inachujwa na udongo. Isipotokea, haijakwambia lolote.

Kuna kampuni iliyotaka 250,000 kuja na chombo cha kusikiliza maji chini ya sakafu. Si utapeli. Chombo hicho kinasikia bomba lenye presha linalovuja, na kwenye nyumba yenye marumaru ambako kila tobo la kubahatisha ni hasara, ningelipa bila kubishana. Ila majitaka hayana presha, hayapigi kelele. Kwa tatizo lililobaki kwangu, 250,000 ingenunua ukimya.

Badala yake niliita gari la kunyonya majitaka, 120,000. Kabla halijaanza nilimwomba dereva anifunulie karo: maji yalikuwa juu ya bomba la kutokea, maana yake shimo la kunyonyea maji halipokei. Akanyonya lote Ijumaa. Jumamosi tukafua kwa makusudi, mashuka na mapazia, na makopo hayakupanda. Wiki ya tatu tope likarudi. Gari lile lilikuwa kipimo na nafuu kwa bei moja, na mchimba mashimo aliyenusa na kucheka alikuwa sahihi kwa nusu yake.

Kwa nini shimo lilikufa? Kwa sababu karo halikunyonywa miaka 9. Tope zito likijaa linavuka kwenda kwenye shimo la pili, na huko pamoja na mafuta ya jikoni linaweka utando kwenye udongo, hadi maji yanatafuta njia nyingine. Kwangu njia nyingine ilikuwa ukuta wa jiko.

Sasa chaguo. Kuendelea na gari kila wiki tatu ni safari 17 kwa mwaka, 2,040,000, na mwakani tena. Watu wengi wako hapo bila kupiga hesabu, kwa kuwa 120,000 inapatikana na milioni haipatikani. Kufumua shimo la zamani, kuosha mawe na kuyarudisha, niliambiwa 650,000. Kazi chafu, na shimo lenyewe lilikuwa karibu mno na nyumba, kwa hiyo ningelipia kosa lilelile libaki mahali pake. Kuunganishwa na bomba la majitaka la mji ndiyo njia safi kuliko zote, lakini sehemu kubwa ya Dar haijafikiwa. Uliza kwanza kabla hujachimba. Nilichagua shimo jipya kwenye kona ya mbali ya kiwanja, tukakubaliana 1,600,000 kwa awamu tatu, pamoja na chemba ya kugawia ili yale mashimo mawili yapokezane. Shimo likipumzishwa miezi kadhaa, ule utando unaoza na udongo unaanza kunyonya tena. La zamani nitalitumia kwa zamu fupi, kiangazi.

Na zile mita 9 za lami na kokoto? Bomba lenye matobo lingekusanya maji ya karo na kuyapeleka kwenye mteremko, yaani uani kwa jirani. Ningelipa 2,400,000 ili nikaitwe serikali ya mtaa.

Nyumba yako inaweza kuwa na hadithi nyingine. Kama makopo yanapanda siku za mvua tu, acha mabomba, tazama juu: mvua ya milimita 50 kwenye paa la mita za mraba 100 ni lita 5,000, na bila gata zote zinaangukia msingi wako. Kiyoyozi kinachodondosha mahali pamoja kinalowesha kuliko unavyodhani. Na kama maji yanatoka kwa jirani, nenda na daftari, siyo na maneno.

Plasta bado sijagusa, ingawa fundi ujenzi ananipigia kila mwisho wa mwezi. Ukuta ulioshiba unataka miezi kukauka, na plasta mpya juu ya tofali lenye unyevu itatutumka kabla rangi haijakolea.

Juzi bibi wa nyumba ya tatu alisimama uani, akatazama magimbi yaliyoanza kunyauka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mbegu nzuri hii unaiacha ife?" Alikuwa ameshang'oa moja, analifuta udongo kwa kidole gumba.

Nikamweleza yalikuwa yanakunywa nini. Akalirudisha chini taratibu, akauliza bomba liko wapi anawe.