Darubini ndogo ya kulinda mtama: soma namba kabla ya kutoa hela

Vijana wenzangu wa mtama na uwele, punje zikishaingia maziwa, mwenye ekari ishirini hawezi kulinda kwa kukimbia na kopo kila kona. Tafuta darubini ndogo ya mkononi. Sizungumzii ile ya kufungwa kwenye bunduki. Bunduki ina vibali vyake, na kundi la kweleakwelea hulimalizi kwa risasi.

Darubini huandikwa namba mbili, mfano 8x32. Ya kwanza ni mara ngapi inavuta kitu karibu, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Wengi wanakimbilia namba kubwa. Sasa unakuta mezani kwa mchuuzi darubini inayoenea kiganjani imeandikwa 30x60. Chukua rula, pima kioo cha mbele. Kikiwa na milimita 25, hiyo 60 ni uongo, na hiyo 30 usiiamini pia.

Halafu gawa namba ya pili kwa ya kwanza. 8x32 inatoa 4, 10x25 inatoa 2.5. Jibu likiwa dogo, picha inakuwa giza jua likizama, na hiyo ndo saa tunayoihitaji, maana ndege wanarudi kulala. Tena inayovuta sana inatetemeka mkononi. Mimi nasema 8x32 inatosha kabisa. Ya 8x25 inaingia mfukoni na bei yake huwa chini, ila jioni itakusumbua kidogo. Ijaribu nje ya duka kwa kusoma kibao cha mbali. Ukiona maandishi mawili mawili, au macho yakivutika, irudishe. Na usiielekeze kwenye jua kamwe.

Shambani, hakikisha kwanza ni kweleakwelea: mdomo mnene mwekundu (wa jike hugeuka njano akizaa), madume wengi uso mweusi. Kisha jioni simama kwenye mwinuko, fuatilia makundi yanashukia wapi, vichaka vya miiba au matete ya mabondeni kama kule Bahi. Andika mahali na saa, umpigie afisa ugani wa kata yako siku hiyohiyo. Ndege mmoja anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Wakiwa milioni moja ni tani 10. Ndege ya kunyunyizia sumu (hii ya rubani) hupiga pale wanapolala, sio juu ya mtama wako, kwa hiyo bila kujua malalo haina pa kwenda.

Wakishapuliziwa, msiokote kitoweo.