Fundi wa mbali ana mipaka yake

Siku hizi si jambo la ajabu kumpigia simu fundi wa kompyuta akakuambia usihangaike kuibeba mashine, kwa kuwa ataitengeneza hapo hapo ilipo. Yeye yuko Dar es Salaam, ofisi yako iko Mbeya, zaidi ya kilomita 800. Baada ya dakika chache unaona mshale ukitembea wenyewe kwenye kioo, mafaili yanafunguka na kufungwa, nawe umekaa umekunja mikono.

Huo ni msaada mkubwa. Nauli imeokolewa na kazi haikulala. Lakini, ndugu msikilizaji, msaada huo una mipaka, na wengi huitambua siku mambo yamekwisha haribika. Wiki hii tuitazame mipaka hiyo, maana hutofautiana kati ya chombo na chombo.

Kwa maneno mepesi, programu hizi hufanya mambo mawili. Huchukua picha ya kioo chako na kumpelekea fundi, tena na tena. Kisha huchukua kile alichobonyeza fundi na kukileta kwenye mashine yako kana kwamba kimebonyezwa hapo. Kila kitu kinasafiri kwenda na kurudi. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na mtandao wa Tanzania na wa majirani zetu ukazorota. Siku kama hiyo barua pepe ikichelewa dakika tano haimkeri mtu. Lakini mshale ukichelewa sekunde moja tu, fundi anabonyeza pasipo.

Umeme nao ukikatika, au mashine ikiachwa ikalala, fundi hana pa kuingilia.

Tuje kwenye mashine zenyewe. Kompyuta yenye Windows ya toleo la Home inaweza kuingia kwenye mashine nyingine kwa Remote Desktop ya Microsoft, lakini yenyewe haikubali kuingiwa kwa njia hiyo. Toleo la Pro hukubali. Ofisi iliyonunua mashine za Home italazimika kutumia programu nyingine, kama vile TeamViewer au AnyDesk. Hata hapo, Windows inapouliza ruhusa ya msimamizi, fundi anaweza kuona giza tupu mpaka mtu aliyeketi mbele ya mashine ajibu.

Kwa upande wa Mac, tangu toleo la Catalina la mwaka 2019, programu haiwezi kuchukua picha ya kioo bila ruhusa inayotolewa kwenye mashine yenyewe. Ruhusa hiyo ikikosekana, fundi anaweza kuona picha ya nyuma tu, bila madirisha uliyofungua. Kuna na ruhusa ya pili, ya kuongoza kipanya na kibodi. Akiikosa hiyo, ataona kila kitu na asiweze kugusa chochote.

Simu ndizo ngumu zaidi. Kwenye Android, fundi anaweza kuiendesha simu ya kampuni moja na ashindwe ya kampuni nyingine, au ahitaji programu ya ziada. Kwenye iPhone, programu za makampuni mengine zinaweza kumwonyesha kioo, lakini haziwezi kukigusa. Mwaka 2024, kwa toleo la iOS 18, Apple iliruhusu kugusa kwa mbali kupitia FaceTime, lakini ni kutoka iPhone au iPad kwenda kwa mwenzake.

Kwa hiyo kijana aliyeko Muscat mwenye simu ya Android, akitaka kumsaidia mama yake aliyeko Unguja mwenye iPhone, ataona tu. Kazi yake itakuwa kuelekeza kwa mdomo: "Mama, bonyeza pale juu, kulia." Na mama akifungua programu ya benki, huenda kijana asione hata hicho kioo.

Je, ni uzembe wa watengenezaji? Pengine mengine ni biashara, kama hiyo tofauti ya Home na Pro. Lakini mengi ni makufuli yaliyowekwa kwa makusudi. Mkono unaoweza kukutengenezea mashine kutoka mbali ndio huo huo unaoweza kukuhamishia fedha zako. Matapeli wanalijua hilo. Hupiga simu wakijifanya watu wa benki au mafundi, wakakuomba uweke programu, kisha utoe ruhusa hii na ile. Kila ruhusa unayotoa ni kufuli moja unalolifungua.

Yapo mambo ya kufanya. Ofisi ijaribu njia hiyo na fundi wake kabla ya siku ya shida, na ruhusa zote zinazohitajika zitolewe mapema kwa utulivu. Asiwe mtu mmoja tu anayejua kuzitoa, maana naye huugua na huenda likizo. Kazi ikiisha, programu ifungwe. Na kama hukumwita wewe, bali yeye ndiye aliyekupigia, kata simu, kisha ipigie benki yako kwa namba unayoijua.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa mashine hizi mgeni hawezi kumponya mwenyeji mpaka mwenyeji amfungulie mlango. Basi, kabla ya kufungua, tujue kwanza ni nani anayebisha hodi.