Makopa ya Mchikichini na seli za ubongo

Msikilizaji, juzi muuza makopa wa Mchikichini aliniuliza: eti mihogo michungu inalemaza? Inalemaza, isipoondolewa sumu. Mwaka 1985, wakati wa ukame huko Tarime, watu walikakamaa miguu ghafla. Ugonjwa huo ni konzo. Mihogo ilitayarishwa haraka mno, sianidi ikabaki; na salfa ambayo mwili huitumia kuizima hutoka kwenye protini, kama ya dagaa, nazo zilikuwa haba.

Ajabu ni kwamba konzo hupiga hasa seli za ubongo ziamrishazo misuli. Kwa nini hizo? Ukisaga ubongo mzima wa panya ukapima protini, unapata wastani tu, sawa na kuuliza bei ya Kariakoo nzima. Siku hizi wataalamu huzilisha seli methionini ya bandia. Methionini halisi ni tofali la protini lenye salfa. Seli hujengea lile la bandia bila kushtuka. Kisha hubandikwa rangi ing'aayo, na darubini huonyesha nani kajenga sana, seli ya neva au zile zinazoitunza.

Muuza makopa alitaka jambo moja tu: mihogo michungu ilowekwe siku ngapi? Tatu, nikamwambia, baada ya kumenywa, ndipo ianikwe.