Jukwaa la ujenzi katika majengo ya umma

Jukwaa la ujenzi (pia: kiunzi) ni muundo wa muda unaosimamishwa kando ya jengo au ndani yake ili mafundi wafikie sehemu za juu. Nchini Tanzania hufungwa mara nyingi kwa mirunda, mbao na misumari. Katika miradi mikubwa hutumika mabomba ya chuma.

Kwenye jengo jipya, walio hatarini ni mafundi hasa. Kwenye jengo linalotumika, nyundo ikianguka inaweza kumpata mgonjwa, mwanafunzi au mpita njia. Kwa hiyo kazi hupangwa kwa kufuata mwendo wa watu.

Kupanga wakati

Shule hukarabatiwa wakati wa likizo. Likizo ya Desemba mkoani Mara huweza kukutana na mvua za vuli, hivyo kazi za nje huhitaji siku za akiba. Huko Butiama, penye Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, mpangaji huzingatia tarehe 14 Oktoba, siku ya kumkumbuka Nyerere. Katika soko la mji kama Bunda, mirunda na mbao hupandishwa kabla wauzaji hawajafungua.

Hospitali haifungwi. Hukarabatiwa sehemu kwa sehemu: wodi moja huhamishwa, humalizwa, kisha inafuata nyingine. Njia ya machela na milango ya dharura haizibwi hata kwa saa moja.

Kulinda watu

Juu ya mlango unaotumika hujengwa paa imara la muda. Ukingoni mwa jukwaa huwekwa reli na ubao wa kuzuia vifaa visidondoke. Eneo la chini huzungushiwa uzio, na ngazi ya chini huondolewa jioni ili watoto wasipande.

Wavu huzuia vumbi na vipande vya lipu, lakini hushika upepo kama tanga. Mjini Musoma, kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria, jukwaa lenye wavu huhitaji kufungwa ukutani mahali pengi zaidi. Hukaguliwa tena baada ya dhoruba.

Ndani ya ukumbi hutumika jukwaa la magurudumu. Magurudumu hukazwa kabla ya kupanda, na jukwaa halisukumwi likiwa na mtu juu.

Sheria

Tanzania Bara usalama kazini huongozwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali uitwao OSHA.