Kambale Hangoji Baridi

Uskochi, kuanzia tarehe 7 Oktoba hadi katikati ya Machi, ni marufuku kuvua trauti wa kahawia. Maji yamepoa, siku zimefupika, na samaki huyo yumo mbioni kupanda vijito akatage kwenye changarawe. Siku hizohizo, ukisimama karibu na daraja la Ruvu ukishapita Mlandizi, wilayani Kibaha, mambo ni kinyume kabisa. Maji ni ya vuguvugu, mto umekonda hadi matuta ya mchanga yamechomoza katikati, na wenye mishipi walioko ukingoni wanatazama upande wa milima ya Uluguru, mto unakoanzia. Huko mvua ikishika, huku kambale ataanza kula.

Wakoloni wa Kiingereza walimpenda trauti kiasi cha kumsafirisha. Mwaka 1905 Ewart Grogan alipandikiza samaki hao katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare nchini Kenya, na baadaye wakafikishwa hata kwenye vijito vya Kilimanjaro. Walifanikiwa kule juu kwa sababu moja kubwa: hewa iliyomo ndani ya maji. Lita moja ya maji yenye nyuzijoto 10 inaweza kubeba takriban miligramu 11 za oksijeni. Ikifika nyuzijoto 30, hubaki kama saba na nusu. Joto hilohilo linalopunguza oksijeni humfanya samaki aihitaji zaidi, kwa kuwa mwili wake unafanya kazi kwa kasi. Trauti hubanwa pande zote mbili, na maji yakipita nyuzijoto 25 hivi anakuwa karibu na kufa. Ruvu ya Oktoba ingemmaliza.

Kambale ameukwepa mtego huo kwa kuvuta hewa ya juu. Mwombe mchuuzi wa samaki akupasulie kichwa cha kambale mkubwa, ufunue nyuma ya mashavu: juu kidogo ya matamvua utaona viungo viwili vyekundu vyenye matawi, kama vipande vidogo vya matumbawe vilivyolowa damu. Hicho ndicho kifaa chake cha pili cha kupumulia. Kambale hupanda, humeza pumzi moja juu ya maji, kisha hurudi chini na damu inayopita kwenye matawi yale huichukua oksijeni. Ndiyo maana dimbwi la tope linalonuka, ambamo samaki wengine wote wameshaelea matumbo juu, bado linaweza kuwa na kambale hai. Ndiyo maana pia hafi haraka kwenye beseni la sokoni. Usiku wa mvua anaweza hata kutoka majini akajikokota kwenye majani mabichi, akijiegemeza kwa miiba ya mapezi yake ya mbele. Aliyewahi kuchomwa na mwiba huo hahitaji kuonyeshwa ulipo.

Kwa mvuvi wa ndoana, hata hivyo, jambo la kujua si pumzi bali kalenda. Trauti hupewa saa na baridi na urefu wa mchana. Kambale wa Ruvu hupewa saa na maji yenyewe. Jike huanza kujaza mayai tumboni mapema, joto linapopanda baada ya kipupwe, lakini hatagi. Anasubiri kina kiongezeke. Mafuriko yanapopanda na kulamba nyasi za kando, dume na jike huingia usiku kwenye maji ya kina kifupi, mayai hunata kwenye majani, na wazazi huondoka bila kutazama nyuma. Katika maji ya joto vifaranga huanguliwa ndani ya saa 24 hadi 36. Wakati huo nyasi zilizozama zimejaa wadudu wadogo wa kuliwa, na samaki wakubwa wengi bado wamo mtoni.

Wafugaji wanalijua hili kwa njia ngumu. Kambale wa bwawani hunenepa, hujaa mayai, na bado hatagi, kwa kuwa bwawa halifuriki. Inabidi jike adungwe sindano ya homoni, ambayo mara nyingi hutolewa kwenye tezi iliyo chini ya ubongo wa kambale mwingine. Dume naye huchinjwa ili mbegu zake zipatikane, maana hazikamuliki. Kazi yote hiyo, mvua moja nzuri huifanya bure.

Sasa rudi ukingoni. Maji ya kwanza ya vuli huja na rangi ya chai ya maziwa, na mgeni hudhani uvuvi umeharibika. Kwa perege ni kweli, kwani yeye hutegemea macho, na maji yakichafuka hupoa. Kambale ana vijicho vidogo visivyomsaidia sana. Ana ndevu nane zilizosheheni vionjio, na ngozi yenye vipokezi vinavyohisi umeme hafifu unaotoka kwenye miili ya viumbe wengine. Kwenye tope yeye ndiye anayeona. Kwa hiyo chambo kinachonuka, iwe nyungunyungu au utumbo wa kuku, hutupwa pale maji ya kasi yanapokutana na maji yaliyotulia, na chubwi kizito hukishikilia chini. Mto ukianza kupanda, usitupe mbali. Samaki anakuja kando. Mamba naye anajua hivyo. Kukaa hatua kadhaa nyuma ya ukingo si woga.

Perege wa asili wa Ruvu hana haja na mafuriko kiasi hicho, kwa sababu jike hulea mayai mdomoni. Samaki huyu na ndugu zake wa Wami na Zanzibar wana historia yao pana. Katika miaka ya 1950, huko Malacca, mtafiti C. F. Hickling alipandanisha madume ya perege kutoka Zanzibar na majike ya perege wa Msumbiji, akapata watoto ambao karibu wote walikuwa madume. Madume hukua haraka na hayajazi bwawa vifaranga, kwa hiyo wafugaji walichangamka. Leo tatizo limegeuka: sato aliyeletwa kwa ajili ya mabwawa hutoroka, akachanganya damu na perege wa mito yetu.

Upande wa Kisarawe mambo hutofautiana kidogo, kwani vijito vingi hukauka. Kwenye bwawa kama la Minaki, katika msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, hakuna mkondo wa kusoma. Mtu hutafuta mdomo wa kijito kinachoingiza maji mapya. Na kwenye madimbwi ya msimu, kama yale ya eneo la Soga, upande wa Kibaha, karibu na reli, wamo samaki wadogo wa rangi kali, wasiozidi urefu wa kidole, waitwao kitaalamu Nothobranchius. Wao hufa wote dimbwi likikauka. Mayai yao hubaki ndani ya udongo, ukuaji umesimama, mpaka mvua irudi. Hawaliwi, lakini wafugaji wa samaki wa urembo Ulaya wanawajua kwa majina kuliko sisi.

Mafuriko yenyewe ndiyo yanayonitia shaka. Oktoba 2022 kina cha Ruvu kilishuka hadi Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji, na hoja ya kujenga bwawa la Kidunda, huko juu mkoani Morogoro, ikapata nguvu. Litahifadhi mita za ujazo milioni 190 za maji. Mji unayahitaji, sina ubishi. Lakini kazi ya bwawa ni kuukata mto makali: kiangazi usikonde sana, na mvua ikija usipande ghafla. Kupanda huko ghafla ndiko kambale anakokusubiri. Afrika Kusini, chini ya bwawa la Pongolapoort, milango imekuwa ikifunguliwa kwa makusudi ili maji yafurike bondeni kwa ajili ya samaki na mashamba, na mabishano huko yamekuwa juu ya mwezi gani yafunguliwe, maana mkulima na mvuvi hawataki tarehe moja. Kwa Ruvu, tarehe ya mvuvi inajulikana: mwanzo wa vuli, na tena masika.