Nyumba ya Kigamboni Inavyolipiwa Ushuru Leicester

Tangazo la nyumba nchini Uingereza huwa na bei moja, imeandikwa kwa tarakimu kubwa. Bei hiyo haisemi uongo, ila haisemi yote, maana kinachoongezwa juu yake hakiitegemei sana nyumba. Kinamtegemea anayenunua: ana mali gani kwao, mwaka uliopita amelala wapi, na fedha zake zimepita mikononi mwa nani.

Chukulia nyumba ya pauni 280,000 mjini Leicester. Wa kwanza kuitaka ni kijana ambaye hajawahi kumiliki nyumba popote. Ushuru wake wa stempu ni sifuri, kwani mnunuzi wa mara ya kwanza husamehewa hadi pauni 300,000. Wa pili ameuza nyumba aliyokuwa akiishi mtaa wa pili ili ahamie hii. Atalipa pauni 4,000. Wa tatu ni muuguzi wa Kitanzania anayeishi hapo hapo Leicester, anakatwa kodi kwenye mshahara kila mwezi, na ana nyumba Kigamboni anamokaa mama yake. Huyu atalipa 18,000. Wa nne ni mfanyabiashara wa Dar es Salaam, mwenye nyumba yake huko huko: 23,600. Nyumba ni ile ile, na bomba la jikoni linavuja kwa wote wanne.

(Hesabu hizi ni za England na Ireland ya Kaskazini. Scotland na Wales zina ushuru wao, nao si wa huruma.)

Pengo kubwa kati ya wa pili na wa tatu linatokana na nyongeza iliyoanza Aprili 2016 kwa kila anayenunua nyumba huku akiwa na nyingine. Ilianza ikiwa asilimia 3. Tarehe 31 Oktoba 2024 ikapandishwa kuwa 5, tena ya bei yote, si ya kipande cha juu tu. Shabaha yake ni wanaokusanya nyumba za kupangisha na za kupumzikia, huku vijana wa mji wakibaki kuzitazama kwenye simu. Shabaha hiyo siioni kuwa mbaya. Ila sheria haikuishia kwenye nyumba zilizoko Uingereza. Inahesabu nyumba yoyote, popote duniani, ambayo sehemu yako ndani yake ina thamani ya pauni 40,000 au zaidi.

Nyumba ya vyumba vinne yenye uzio na kisima, Kigamboni au Goba, huvuka kiasi hicho bila kujikaza. Kiwanja kitupu hakihesabiki, lakini jengo likishaanza kupanda kwa ajili ya makazi linaingia kwenye hesabu hata likiwa bado pagale, mradi thamani yake imefika. Na hapa ndipo desturi yetu inapokutana na sheria ya watu wengine. Mtanzania aliyeko nje hujenga kwao kwanza; akianza kununua ughaibuni kabla ya kumwezekea mama, vikao vya ukoo vitamjadili. Kwa hiyo inapofika zamu ya kununua anakoishi, mamlaka ya mapato inamwona ni tajiri wa nyumba mbili. Msamaha wa mnunuzi wa mara ya kwanza ameshaupoteza, na nyongeza ya asilimia 5 inamsubiri. Ipo njia ya kurudishiwa, kwa anayeuza makao yake makuu ya awali ndani ya miaka mitatu. Lakini muuguzi wetu hajawahi kuifanya nyumba ya Kigamboni kuwa makao yake makuu, na hata angekuwa amewahi, sijui nani angekwenda kumwambia mama afungashe.

Wajanja watashauri nyumba iandikwe jina la kaka. Ushauri huu una kasoro mbili. Kama kaka ni mmiliki wa jina tu na mwenye mali ni wewe, sheria ya Uingereza inakutazama wewe, kwa hiyo fomu ya ushuru uliyotia saini ukisema huna nyumba nyingine itakuwa na uongo ndani yake. Na kama umempa kweli, basi umempa kweli. Wapo makaka waliolielewa jambo hili mapema kuliko dada zao. Kuiandika kwa jina la mtoto aliye chini ya miaka 18 nako hakusaidii, kwani nyumba ya mtoto huhesabiwa kuwa ya wazazi.

Mfanyabiashara wa Dar ana asilimia 2 nyingine juu ya hizo 5, iliyoanza Aprili 2021 kwa asiyekuwa mkazi. Uraia hauulizwi. Kinachoulizwa ni kama ulikuwepo Uingereza siku 183 katika miezi 12 kabla ya kununua. Mwingereza aliyekaa Dubai miaka kumi analipa, na Mtanzania mwenye viza ya kazi Leicester halipi. Atakayehamia huko baada ya kununua na kutimiza siku hizo mapema anaweza kudai arudishiwe. Ushuru wenyewe, nyongeza zote ndani yake, hulipwa ndani ya siku 14 tangu kukamilisha ununuzi, na benki haipendi kuukopesha.

Mauti nayo yana kodi. Nyumba iliyoko England inaingia kwenye kodi ya mirathi ya Uingereza hata kama marehemu hakuwahi kulala ndani yake: kwa kawaida asilimia 40 ya kinachozidi pauni 325,000, ingawa anachoachiwa mume au mke mara nyingi husamehewa. Tangu Aprili 2025, aliyekuwa mkazi wa Uingereza kwa miaka 10 kati ya 20 iliyopita huhesabiwa mali zake za dunia nzima. Muuguzi wetu akae akijua.

Tuje kwenye fedha zenyewe. Wakili wa mnunuzi analazimika na sheria za utakatishaji fedha kujua kila pauni imetoka wapi. Mshahara hauna shida. Shida ni sehemu ile ya malipo ya awali iliyotokana na mchezo: wanawake 12 wanachanga pauni 500 kila mwezi, mmoja anapokea, zamu inazunguka. Hakuna mkataba, hakuna riba, kuna daftari na kundi la WhatsApp. Kwa macho ya wakili, pauni 5,500 zilizoingia siku moja kutoka kwa watu 11 wenye majina tofauti zinafanana mno na kile alichofundishwa kukikamata. Atataka barua kutoka kwa kila mmoja, vitambulisho, na taarifa za benki za miezi kadhaa. Fedha za shamba la urithi zitadai muhtasari wa kikao cha ukoo, utafsiriwe na mfasiri anayetambulika, kwa malipo. Wakili hutoza muda wake, na muuzaji asiyependa kusubiri anaweza kumgeukia mnunuzi mwingine.

Kwa muda, anayeishi Dar ndiye aliyekuwa amebanwa zaidi. Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachofuatilia nchi zinazolegea dhidi ya utakatishaji fedha, Oktoba 2022 ikatolewa Juni 2025, Kenya ikaingia Februari 2024. Na mteja aliyeko kwenye nchi ya orodha hiyo, mawakili wa Uingereza wamekuwa wakitakiwa kumchunguza kwa kina zaidi. Gharama ya benki fulani kulegea huko nyumbani imekuwa ikilipwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga benki hiyo.

Gharama za kawaida hazinishughulishi sana: wakili, msajili wa ardhi, upekuzi wa halmashauri, mkaguzi wa jengo, bima. Dalali hulipwa na muuzaji, jambo litakalomfariji yeyote aliyewahi kutafuta chumba Sinza. Linalouma ni kwamba, England, makubaliano ya bei hayamfungi mtu hadi mikataba ibadilishwe. Muuzaji akipata anayeongeza pauni elfu tano, anakuacha, na ulichomlipa mkaguzi hakirudi.

Mwenye kukosa nyumba akachukua fleti aulize kwanza miaka. Fleti nyingi za England hazina umiliki wa kudumu; zina hati ya muda, nasi tuliozoea hati ya miaka 33, 66 au 99 tunaweza kuona ni mambo yale yale. Sivyo. Hapa mwenye ardhi mara nyingi ni kampuni, juu yake kuna ada ya huduma ya jengo inayopanda bila kukuomba ushauri, na miaka ikishuka chini ya 80, gharama ya kuiongeza hurukia juu kwa sababu mwenye ardhi anadai nusu ya faida itakayopatikana kwa kuongezwa huko. Bunge lilipitisha sheria ya kuliondoa dai hilo mwaka 2024, ila kupitisha sheria na kuanza kuitumia ni safari mbili. Benki nazo husita kukopesha miaka ikizidi kupungua, kwa hiyo fleti ya miaka 70 huuzwa kwa bei nzuri ya kuvutia, hasa kwa mgeni mwenye fedha taslimu na ndege ya kuwahi Jumapili.