Je, Wajua? Omena Wana Wenzao Japani

Mtoto aliyekulia Mbita, Homa Bay, au Muhuru Bay kule Migori, anaijua harufu ya omena, vidagaa wa Ziwa Victoria, walioanikwa ufuoni. Japani nako kuna vidagaa vya kukaushwa. Huitwa niboshi, nao huvuliwa baharini, si ziwani. Huchemshwa kwanza katika maji ya chumvi, ndipo hukaushwa.

Tofauti kubwa iko jikoni. Omena hukaangwa kwa nyanya na vitunguu, wakashushwa na ugali. Niboshi aghalabu huchemshwa ili kutoa mchuzi mwepesi, ambao hukorogwa na miso, yaani soya iliyochachushwa, ukawa supu. Mpishi makini hung'oa kichwa na matumbo kwanza, mchuzi usije ukawa mchungu.

Mwaka Mpya je? Vidagaa vikavu vya aina hiyohiyo huviringishwa katika sukari na sosi ya soya, vikaliwa kwa kuombea mavuno mema. Zamani wakulima walitia samaki hao shambani kama mbolea ya mpunga. Lakini vidagaa vya sukari! Huenda bibi wa Karungu, huko Migori, akahitaji muda kidogo kuvizoea.

Samaki wana nafasi katika sikukuu nyingine ya Japani pia. Tarehe 5 Mei ni Siku ya Watoto, sikukuu ya taifa huko tangu 1948. Familia hupandisha mlingotini samaki wa kitambaa, mfano wa samaki aitwaye koi, wakajaa upepo na kuonekana kama wanaogelea angani. Koi husifiwa kwa kupanda mkondo mkali bila kukata tamaa.

Na huyo koi, kisayansi, yuko karibu zaidi na omena wa Ziwa Victoria kuliko hao niboshi.